Roboti Anayekula Joto Akifika Singida

Mwaka 1939 mchoraji kijana wa New York, Carl Burgos, alibuni mtu wa bandia anayewaka moto. Kisa chake kilitoka katika toleo la kwanza la Marvel Comics, la Oktoba mwaka huo, na mhusika akaitwa Human Torch. Profesa mmoja wa hadithi, Phineas Horton, ameunda kiumbe mwenye umbo la binadamu na kumfungia ndani ya chombo cha kioo, kwa kuwa hewa ikimfikia tu anawaka. Waandishi wa habari wanaitwa waje kumwona. Wanamwona, wanatishika, kelele zinapigwa kwamba kitu hicho kiangamizwe, na Horton anakubali kukizika ndani ya zege. Baadaye hewa inapenya, kiumbe anatoka, anakimbia mitaani huku kila anachokigusa kikishika moto. Hana nia mbaya na mtu. Anatafuta pa kujizimia. Anaona bwawa la kuogelea, anajitosa.

Bwawa lina mwenyewe. Mwenyewe ni jambazi aitwaye Sardo, naye hapotezi muda. Anamnasa yule kiumbe majini kisha anamgeuza mtaji: wafanyabiashara wanapigiwa simu na kuambiwa wanunue "bima" ya moto kwake, la sivyo mali zao zitateketea. Asiyenunua anatumiwa yule mtu wa moto.

Mashabiki wa vitabu hivi humkumbuka kiumbe huyo kwa ushujaa wake wa baadaye, alipokuwa mtu wa kuokoa watu. Mimi sivuki lile bwawa. Aliyekuwa na moto kuliko viumbe wote mjini alikamatwa na mwenye maji.

Huku kwetu wachoraji hawakuhangaika sana na maadui wa chuma. Gazeti la Sani lilipovuma, aliyetuchekesha na kutuudhi alikuwa Ndumilakuwili, tapeli mwenye tumbo na njaa kama wewe na mimi. Kabla yake, vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakipokezana matoleo yaliyochakaa ya jarida la hadithi za picha, African Film, ili wajue mpelelezi Lance Spearman amemfanya nini adui yake Rabon Zollo, na hata huyo Zollo, kwa vituko vyake vyote, alikuwa na mama. Roboti wa kula joto tuliletewa na vitabu vya wenzetu, vya mitumba, na baadaye katuni za runinga. Nguvu zake kila mahali ni zilezile: anafyonza joto la jua, la tanuri, la volkano, la miili ya watu, na kadiri anavyofyonza ndivyo anavyokua. Dawa yake nayo ni ileile. Shujaa anamwagia maji au anamgandisha kwa barafu, roboti anakwama, ukurasa wa mwisho.

Dawa hiyo ni ya uongo, na uongo wake ulijulikana zaidi ya karne moja kabla ya Burgos kushika kalamu. Mwaka 1824 mhandisi wa Kifaransa mwenye umri wa miaka 28, Sadi Carnot, alichapisha kitabu kidogo kuhusu nguvu itokanayo na moto. (Sadi, ndiyo. Baba yake alimpa jina hilo kwa kumpenda Saadi, mshairi wa Shiraz. Waswahili tunaweza kumdai kidogo.) Miaka minane baadaye kipindupindu kilimuua, na dunia ilichukua muda kuelewa alichokiandika. Alikuwa amezitazama injini za mvuke za wakati wake akajiuliza nguvu inatoka wapi hasa, na jibu lake halikuwa "kwenye moto". Joto likikaa mahali pamoja halifanyi kazi yoyote, hata liwe jingi namna gani. Kazi hutokea joto linapohama kutoka penye moto kwenda penye baridi, na kiasi cha kazi hiyo kinategemea tofauti iliyopo kati ya pande mbili. Mashine ya joto isiyo na upande wa baridi ni chuma kilichopashwa moto, basi.

Kwa hiyo shujaa anayemmwagia maji roboti wa joto anampelekea daku. Anampa ule upande aliokuwa ameukosa. Angetaka kumuua kweli angefanya kinyume: angepasha joto kila kilichomzunguka mpaka hewa, ardhi na tumbo la roboti vilingane. Hapo angesimama tuli katikati ya joto lote hilo asiweze kuinua hata kidole.

Sasa mlete Singida. Msomaji wa Dar es Salaam, ambaye anaijua Singida kwa kupita na basi la kwenda Mwanza, atafikiri hapa ndipo nyumbani kwa jitu la namna hiyo: mawe makubwa ya matale yanayochomwa na jua mchana kutwa, vumbi, upepo usiokatika, mvua ya msimu mmoja, kisha kiangazi cha miezi mingi bila tone. Chakula tele! Lakini mji uko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na anayelala huko Juni au Julai anajua shuka moja haitoshi. Chukua mchana wa nyuzi 30 na usiku wa nyuzi 12. Ukimpa roboti mchana huo kuwa tanuri lake na usiku huo kuwa baridi yake, kanuni ya Carnot inamruhusu apate chini ya 6 katika kila 100 ya joto analolimeza, na hiyo ni kwa mashine kamili isiyo na msuguano, ambayo hakuna fundi aliyewahi kuiunda. Zilizobaki, 94 na zaidi, lazima azitapike. Azitapikie wapi? Jitu la vitabuni lililotisha Marekani lingeshinda Singida likitafuta kivuli.

Mashine za joto za kweli zipo Singida, na hazitishi mtu. Nenda kijiji chochote ambacho umeme haujafika, au umefika na kukatika, utaisikia kabla ya kuiona: tuk, tuk, tuk, ndani ya kibanda cha bati, na mbele yake foleni ya akina mama wenye ndoo na madebe ya mahindi, mtama, uwele. Mashine ya kusaga. Injini yake ya dizeli huwashwa kwa hendeli na mtu mwenye mabega. Mkanda unaikamata, jiwe au nyundo zinazunguka, unga unatoka, na mwendesha mashine amekuwa mweupe mpaka kope. Pembeni, nje ya ukuta, lipo pipa la maji la lita 200. Mabomba mawili yanatoka kwenye injini kuingia humo, moja juu, moja chini. Mara nyingi hakuna pampu. Maji yaliyopashwa na injini yanakuwa mepesi, yanapanda na kurudi pipani kwa bomba la juu. Yaliyopoa yanashuka na kuingia injini kwa bomba la chini. Yanazunguka yenyewe kwa tofauti ya joto tu. Carnot angeliona pipa hilo angevuta kigoda akae.

Katika injini kama ile, takriban theluthi moja ya joto la dizeli, mara nyingi pungufu, ndiyo inayogeuka kazi ya kusaga. Sehemu kubwa inatoka na moshi, na nyingine kubwa inachukuliwa na maji ya pipa. Mwenye mashine hahitaji hesabu hizo. Anachojua ni kwamba pipa likikauka mashine itanata. Pistoni inavimba ndani ya silinda, inakwama, na hapo ni fundi kutoka mjini, ni spea, ni wiki kadhaa watu wanatembea na madebe kichwani mpaka kijiji cha pili. Dizeli ikiisha, mashine inalala na kesho inaamka. Maji yakiisha inakufa. Kati ya chakula chake na upoaji wake, ni upoaji usiosamehe.

Na dizeli yenyewe si lazima itoke Uarabuni. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ndogo ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, kwa sababu serikali ya Ufaransa ilikuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilikuwa nyingi na makaa ya mawe hayapo. Singida ya leo ni nchi ya alizeti. Barabara kuu ina chupa na madumu ya mafuta yaliyopangwa kwa rangi ya dhahabu, na viwanda vidogo vya kukamua vinauza mashudu kwa wafugaji. Ukipenda ndoto, unaweza kuota injini inayokamua alizeti huku ikinywa alizeti. Mimi naiota, kisha nakumbuka bei ya mafuta ya kula. Hata hivyo ndoto hiyo inamaliza shida ya moto peke yake. Pipa bado liko pale nje, na mtu lazima alijaze.

Ni nani analijaza? Hapo ndipo hadithi za roboti zinaponyamaza. Maji ya pipa lile yamepandishwa kutoka kisimani au yamefukuliwa kwenye mchanga wa korongo lililokauka, na aliyeyabeba aghalabu ni mwanamke au mtoto, au punda wa mtu. Singida mjini kuna maziwa mawili, Kindai na Singidani, yanang'aa vizuri pichani, lakini maji yake ni ya chumvi na hayanyweki. Mtu anaweza kusimama kati ya maziwa mawili na kununua maji kwa dumu. Injini za mvuke za Reli ya Kati, ambayo ilipita Manyoni, mkoani humu, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, zilikuwa na kiu mbaya kuliko mashine yoyote ya kusaga, kwa kuwa mvuke uliokwisha sukuma pistoni ulitupwa hewani kwa bomba la moshi. Kupitisha reli kwenye nchi kavu kulikuwa ni kutafuta maji kwanza. Kuni zilipatikana popote.

Joto Singida ni la bure, limemwagwa juani hakuna anayelihesabu. Baridi, yaani maji, ina mwenyewe, ina foleni, ina daftari la michango. Roboti anayeendeshwa kwa joto hatajitawala hata siku moja mahali kama hapa. Atakuwa mtumwa wa yeyote anayeshika ufunguo wa kisima, kama vile mtu wa moto wa Burgos alivyokuwa mtumwa wa mwenye bwawa.

Ndiyo maana najali zaidi habari ya mwenye jitu kuliko ya jitu. Singida inayo habari yake ya jitu la kukodiwa, na haikutoka kitabuni. Kati ya mwaka 1946 na 1948, wilayani humo, watu waliuawa na miili ikaachwa imeraruliwa kana kwamba simba amepita. Baadaye washitakiwa walifikishwa mahakamani, na baadhi wakanyongwa, si kwa kosa la kuwa simba, ila kwa mauaji. A. W. Wyatt aliandika kuhusu watu-simba wa Singida katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950, na mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyewahi kuishi na Wanyaturu wa huko, akaipima habari hiyo upya katika jarida hilohilo mwaka 1962.

Masimulizi yaliyozunguka yalikuwa na jambo moja ambalo mchoraji wa New York angelitambua mara moja. Mtu-simba, mbojo, hazaliwi hivyo, anatengenezwa. Anachukuliwa kijana, anafichwa gizani, anafundishwa kutembea kwa mikono na miguu, anavishwa ngozi, anatiwa makucha ya chuma. Tangu hapo ni mali ya mtu. Mwenye kisasi na jirani haendi kutafuta simba porini; anakwenda usiku kwa mwenye mbojo, wanapatana bei. Ni kweli ilikuwa hivyo? Schneider alikuwa na sababu za kuirudia habari hiyo kwa tahadhari, na mimi sina za kumpita. Ninachokitazama ni umbo la swali ambalo watu waliuliza. Wazungu ofisini waliuliza: je, ni simba au ni mtu? Wanakijiji walikuwa wamekwisha vuka hapo. Waliuliza: ni wa nani?

Msukule nao ni wa ukoo huo. Mtu anasemekana amekufa na amezikwa, kumbe amefichwa, hana sauti, analima usiku mashamba ya mtu na kulishwa pumba. Mwaka 1921, huko Prague, tamthilia ya Karel Čapek ilipopanda jukwaani na kuipa dunia jina la roboti, wale roboti wake hawakuwa wa chuma hata kidogo. Walikuwa wa nyama, walitengenezwa kiwandani wafanye kazi bila kudai. Mtu wa Singida angewatazama akasema hawa tunawafahamu, tena wetu wanakula rahisi, pumba za mashineni tu. Cha kuchekesha ni kwamba asiyeamini kabisa misukule, akiona jirani ana shamba kubwa lililolimwa vizuri na hakuna vibarua wanaoonekana, bado atauliza nani kalima. Ni swali zuri la uchumi.

Lakini swali zuri likijibiwa na uvumi linaua. Hapa siwezi kuwapamba wazee wetu. Katika mikoa ya kati na ya kanda ya Ziwa, "ni wa nani?" imejibiwa mara nyingi kwa kumnyooshea kidole bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa sababu ya kupuliza jiko la mafiga katika nyumba isiyo na dirisha, kwa kuni mbichi au kinyesi cha ng'ombe, tangu utotoni. Aliyekaa na moto maisha yake yote ili wengine wale, anahukumiwa kwa alama ambayo moto umemwachia. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928, tuliyoirithi kwa Waingereza, ilikataza kumtuhumu mtu uchawi ovyo, haikuzuia mapanga. Wanyonge ndio waliokuwa wakionekana wenye jitu, na mwenye kulipa hakuonekana. Sardo, angekuwa huku, angekuwa msibani amekaa mkeka wa mbele.

Mwaka 1966 watunzi wa Marvel walimfufua yule mtu wa moto. Aliyemfufua ndani ya hadithi alikuwa mwenye hila mwingine, Mad Thinker, na alimfufua kwa kazi ileile ya zamani: akawaunguze watu kwa niaba yake. Safari hii kiumbe alikataa kuua. Akazimwa na mashine nyingine ya bwana huyohuyo. Katika visa vyote vya maadui wa chuma ninavyovijua, hicho kinanigusa zaidi, na naona wachoraji walikipitia haraka mno. Jitu limekataa, wangekaa hapo japo kurasa tatu zaidi, watuonyeshe bwana alivyoshtuka.

Mashine za kufikiri za leo hazili joto, zinalitoa. Umeme karibu wote unaoingia kwenye majumba yenye kompyuta za kuhifadhi taarifa unaishia kuwa joto, na mengi ya majumba hayo yanapozwa kwa maji. Watu wanaogopa kwamba zitapata akili na kutugeukia. Sawa, waogope. Mimi nikisikia jumba kama hilo linataka kujengwa nchi kavu, nauliza kwanza habari za kisima.

Kama kuna kijana Singida mwenye penseli na muda, namshauri amchore huyo roboti wa joto kwa usahihi. Amshushe kutoka angani saa saba mchana, katikati ya Agosti, kwenye uwanja wa shule, akiwa na kishindo chote na moshi puani. Watoto wakimbie. Mwalimu mkuu apige simu. Kisha baada ya kurasa mbili injini yake ianze kunata, maana upepo wa pale hautoshi kumpoza, na jitu lenye urefu wa mnara wa simu lianze kuuliza njia ya kisimani. Achore foleni ya ndoo na madumu ya njano, na punda wawili, na mama aliyeketi kwenye kigoda kando ya bomba mwenye daftari la kamati ya maji na kalamu nyuma ya sikio. Roboti anatangaza kwamba amekuja kuiteketeza dunia. Mama anamtazama kuanzia kwato hadi pembe, anafungua ukurasa, na kumwambia asimame nyuma ya yule mtoto mwenye baiskeli, na aweke hela mkononi kabisa, chenji hakuna.